Sista Aliyemchekesha Mamangu

Tundu lenyewe lilikuwa dogo; ungeweka punje ya mtama juu yake lingezibika. Lilikuwa upande wa nje wa paja la kulia la mamangu, karibu na mwisho wa kovu refu aliloachiwa alipobadilishwa nyonga, na kwa miezi saba halikukauka hata siku moja. Lilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, siku nyingine mazito, siku nyingine mepesi, na kila asubuhi nilifua leso aliyolalia.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikisomesha skuli ya msingi Bondeni, sijaolewa bado, nikiishi na mamangu katika nyumba ya orofa moja nyuma ya Ndia Kuu. Babangu alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani. Mamangu alikuwa mpishi wa shughuli. Kama uliolewa Mji wa Kale au Bondeni siku hizo, yamkini wageni wako walikula mkono wake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti nzito na kicheko kilichoanzia tumboni, kikapanda kifuani na kumalizikia kwenye mabega. Akicheka jikoni, wapita njia chini ya dirisha walitabasamu bila kujua kilichochekwa.

Miaka mingi ya kusimama juu ya masufuria ilimla nyonga. Alipofika kiasi cha kupanda ngazi za nyumba yetu kwa makalio, daraja moja moja, akakubali kufanyiwa operesheni. Mfupa uliolika ukatolewa, akatiwa nyonga ya chuma. Na ilifaa. Mwaka mzima na zaidi alitembea. Alikwenda Marikiti mwenyewe kuchagua viungo, fimbo mkononi, akisimama katikati ya njia ya wachukuzi kubishana juu ya iliki, nao wakipiga kelele, "Mama, kando! Kando!" asisogee hata shibiri.

Kisha jioni moja akarudi kutoka shughulini akitetemeka. Siku ya tatu kovu likavimba, likawa jekundu, likapasuka lenyewe akiwa chooni anaoga. Homa ikashuka, uvimbe ukanywea, lakini pale palipopasuka pakabaki lile tundu.

Daktari wa mifupa aliyemtia nyonga alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa bara, mwenye mikono mipana kama ya seremala. Hakutuficha. Alisema vijidudu vimekifikia chuma, na vijidudu vikishashika chuma havitoki kwa urahisi. Alijaribu dawa moja, kisha nyingine. Vipimo vya damu vikashuka, vikapanda, vikashuka tena. Eksirei ikaonyesha chuma kimekaa imara. Mwisho akakata shauri: atamfungua pale pale penye kovu, aoshe, atoe chuma cha kwanza na kutia kipya. Nafasi ya operesheni ingepatikana baada ya wiki tano hivi, na katika wiki hizo kidonda kioshwe kila siku katika chumba cha vidonda pale hospitalini.

Ilikuwa likizo ya Desemba, skuli zimefungwa, basi kazi ya kumpeleka ikawa yangu. Huko ndiko tulikomkuta Sista.

Alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, Mkristo, mwenye miaka kama hamsini, mwembamba, mkavu wa maneno. Viatu vyake vya mpira alivipaka chaki kila siku vikawa vyeupe kama ukuta mpya. Kwa miezi ile saba tulikuwa tumepita mikononi mwa wauguzi wengi, wengine wema, wengine wamechoka, na karibu wote walikuwa wakianza kubandua plasta mgonjwa angali akiitikia salamu. Yeye hakugusa plasta. Alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma, akamtazama mamangu akitoka mlangoni mpaka alipomfikia.

"Rudi mlangoni, mamangu. Tembea tena."

"Sista, mimi nimekuya kuoshwa kidonda," mamangu akasema. "Sikuya kuonyesha maringo."

"Najua. Nataka kuona kidonda kinavyotembea."

Mamangu akanitazama kama anayeuliza huyu ni mzima. Lakini akarudi, akatembea tena. Alipopanda kitandani na kulala, goti la kulia likabaki juu, limekunjwa kidogo, kama kilima chini ya buibui.

"Nyumbani hulala hivi?"

"Huweka mto chini ya goti."

"Tangu lini?"

Mamangu akafikiri. "Miezi miwili. Mitatu."

"Na ukiunyoosha mguu?"

"Wavuta."

"Wavuta wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Mimi nilitarajia aguse paja, penye kovu. Mamangu akapeleka kidole mbele, kwenye kinena, kisha akakipandisha juu kidogo, tumboni, chini ya kitovu upande wa kulia. Sista akaandika jambo kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Ndipo akaosha mikono na kubandua plasta.

Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miezi yote hiyo, nikimpangia mito, na sikuwahi kumuuliza wapi panavuta. Nilidhani najua.

Siku ya pili Sista akauliza jambo jingine ambalo halijaulizwa na mtu.

"Sala zako wazifanyaje na hiki kidonda?"

Jambo hilo lilikuwa likimla mamangu kuliko maumivu. Alikuwa amepewa ruhusa na mashekhe kutia udhu kwa kila sala na kusali hivyo hivyo, lakini moyo wake haukutulia. Alihisi anasimama mbele ya Mola wake na nguo iliyoloa. Akamweleza. Sista akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi msije asubuhi. Njooni saa sita kasoro. Nitakufunga safi, utoke hapa uende ukasali adhuhuri."

Saa sita kasoro ilikuwa saa yake ya kwenda kula. Nililijua hilo baadaye, kwa muuguzi mwingine. Yeye mwenyewe hakulitaja.

Tukawa twaenda saa hiyo. Chumba kilikuwa kimetulia, foleni imekwisha, feni ya dari ikizunguka kwa mlio wa kukwaruza. Mamangu hakuweza kukaa kimya na mtu anayemgusa, basi akawa amsimulia Sista habari za arusi, na Sista, aliyekuwa hasemi, akaanza kuuliza. Alitaka kujua pilau. Krismasi ilikuwa karibu, alisema, na mumewe na wanawe wangekuwa nyumbani wote, naye alitaka kuwapikia pilau ya Waswahili, si wali wa kukaanga unaoitwa pilau. Mamangu akawa mwalimu. Alilala ubavu, paja wazi, akimsomesha mtu aliyekuwa nyuma yake ameshika koleo: nyama ichemke kwanza na tangawizi na thomu, vitunguu viive mpaka vigeuke rangi, mtele uoshwe maji matatu, na bizari isiogopwe.

"Bizari kiasi gani?"

"Bizari ya kutosha, Sista! Pilau bila bizari ni uji."

Baada ya Krismasi mamangu akauliza, "Enhe? Pilau ilitokaje?"

"Ilikuwa nzuri," Sista akajibu, akageuka kutafuta pamba.

Siku moja ya mwanzo wa Januari mamangu alikuwa akisimulia habari ya bwana arusi mmoja wa zamani aliyeshikwa na njaa siku ya nikaha yake, akanyemelea jikoni kula ukoko wa pilau, akaketi juu ya kigoda chenye masizi, na kanzu yake nyeupe ikatoka na duara jeusi nyuma, akaenda hivyo hivyo mpaka msikitini, na watu wote wakadhani ni mtindo mpya. Alipofika hapo kwenye mtindo mpya, mamangu akacheka. Alicheka kicheko chake chote, kitanda kikatikisika.

Mimi nilikuwa nikicheka naye. Sista hakucheka. Alikuwa ameinama, macho yake kwenye paja.

"Nyamaza kidogo, mamangu."

Mamangu akanyamaza.

"Sasa kohoa."

Akakohoa.

"Kwa nguvu. Kama una kifua."

Akakohoa kwa nguvu. Nilisogea nikaona. Kila alipokohoa, lile tundu dogo lilijaa, likamwaga, likatulia. Alipovuta pumzi lilitulia. Alipokohoa tena, likamwaga. Si tone. Ilikuwa kama mtu anabinya chupa upande wa pili wa ukuta.

Sista akachukua bomba la sindano lisilotiwa sindano, akavuta maji ya chumvi aliyokuwa akioshea, akaweka ncha penye tundu na kuyaacha yaingie polepole, bila kuyasukuma. Akaniambia nimshikie kibakuli chini. Yaliingia mililita ishirini, yakaingia kama yanayokaribishwa. Yaliyorudi kibakulini hayakufika nusu.

"Mengine yamekwenda wapi?" mamangu akauliza, amegeuza shingo.

"Hilo ndilo ninalojiuliza," Sista akasema.

Alimfunga kwa utulivu ule ule wa kila siku, akamwacha alale kidogo, akanivuta ukumbini. Maneno aliyoniambia hapo, tumesimama karibu na pipa la nguo chafu, nayakumbuka vizuri kuliko mengi niliyosoma chuoni.

"Binti, mimi si daktari. Lakini nilipokuwa muuguzi mchanga niliwekwa wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kulikuwa na mgonjwa ambaye ugonjwa ulimla uti wa mgongo. Mgongoni hakuwa na jipu. Jipu lilimtokea hapa." Akagusa kinena chake juu ya sare. "Usaha ulitoka mgongoni ukateremka ndani ya tumbo, ukifuata msuli mmoja mrefu unaotoka kwenye uti wa mgongo na kuja kushika paja. Naye alikuwa akilala na goti juu. Hakuweza kunyoosha mguu, kwa sababu ukinyoosha mguu wauvuta msuli ule."

"Lakini mamangu hana ugonjwa wa mgongo."

"Hana. Mamako ana ugonjwa wa nyonga. Lakini njia ni ile ile moja, na njia iliyoteremsha usaha yaweza kuupandisha. Akicheka, tumbo lambana, na usaha wamwagika pajani. Kwa nini tumbo limwage kidonda cha paja, kama havikuungana?"

Nikamuuliza ina maana gani kwa operesheni, ambayo ilikuwa imebaki wiki moja na siku kidogo.

"Ina maana daktari atafungua paja aoshe vizuri kabisa, atie chuma kipya, na juu huku ndani kuna mfuko umejaa. Utateremka tena. Labda nimekosea. Naomba Mungu nimekosea. Lakini lazima aone kabla hajashika kisu."

Kliniki ya daktari wa mifupa ilikuwa Alhamisi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili, mamangu amekaa upande mmoja wa kalio, akiwasalimu watu wote, akiuliza kila mtu amevunjika wapi. Zamu yetu ilipofika, Sista akatokea ukumbini, sare imepigwa pasi, viatu vyeupe, akaingia nasi. Daktari alishangaa kidogo kumwona. Alikuwa amekwisha kubandika picha ya eksirei kwenye kisanduku cha taa.

"Mama, habari za siku? Tumebakisha wiki moja tu. Chuma kama unavyoona kimekaa sawa, kwa hivyo kazi itakuwa ya kukitoa bila kuvunja mfupa."

"Daktari, samahani," Sista akasema. "Naomba kusema jambo kuhusu mgonjwa huyu."

"Sema, Sista."

Akatoa zile karatasi mfukoni. Zilikuwa zimekuwa nyingi. Akasema kwa mpango, bila kupandisha sauti: goti halinyooki tangu miezi mitatu, maumivu ni ya kinena na tumbo, si ya paja, maji yaingia ishirini yarudi nane, na mgonjwa akicheka usaha wamwagika. Daktari alisikiliza. Hakumdharau, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliye na wagonjwa arubaini nje.

"Tundu lolote linaloenda kwenye nyonga litameza maji, Sista. Na mtu akisogea, linatoka. Goti linakunjwa kwa sababu nyonga inauma."

"Ni kweli, Daktari. Naomba umwone akicheka. Dakika mbili."

Daktari akatabasamu. "Haya. Mama, cheka."

Basi hapo ndipo tulipoonekana wapumbavu. Mamangu akalala kitandani ubavu, plasta imetolewa, sote watatu tumemtazama paja, naye akajaribu kucheka. Ikatoka "he, he" ya kusikitisha. Akajaribu tena. Mtu aliyekuwa hapitishi saa bila kucheka, akakosa kicheko.

"Mwataka niteke, na hakuna la kuteka!" akasema kwa uchungu. "Mnanitolea mato tu."

Daktari akaitazama saa yake. Kisha Sista akasema, akiwa anautazama ukuta, kama anayetoa ushahidi mahakamani:

"Mamangu, ile pilau ya Krismasi sikukwambia kweli."

"Eti?"

"Uliniambia bizari isiogopwe. Nilikwenda Marikiti nikasema nataka bizari, tena nyingi. Yule muuzaji akanipa, nami sikuuliza. Nikatia vijiko sita."

Mamangu akainua kichwa. "Bizari gani hiyo?"

"Manjano," Sista akasema. "Ya unga."

Mamangu akajiinua kwa kiwiko.

"Vijiko sita vya manjano?"

"Vilivyojaa. Nilipofunua sufuria ilikuwa rangi ya jua la asubuhi. Mume wangu akaitazama, akaniuliza, 'Mama watoto, hii pilau umeitoa wodini na homa ya manjano?' Mpaka leo vidole vya watoto havijatakata. Mchungaji alikuja kutusalimu, akala kwa heshima, akaondoka na midomo ya njano akaenda nayo kanisani kuhubiri."

Kicheko kilianza chini kabisa. Nilikiona kikipanda. Mamangu aliushika ukingo wa kitanda, akafumba macho, na kilipotoka kilitoka chote, kikajaza chumba, kikapita mlangoni. Wagonjwa waliokuwa wamekaa ukumbini na magongo yao wakaanza kucheka nao. Machozi yakamtoka. "Wodini!" akapiga kelele. "Wodini na homa ya manjano!"

Na usaha ukamwagika. Ukapita pamba aliyoweka Sista, ukateremka mpaka kwenye shuka, wimbi baada ya wimbi, kila wimbi na pumzi ya kicheko.

Daktari alikuwa amekwisha kusimama. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na paja. Alingoja mamangu atulie, akamgeuza chali, akaweka mkono wake mpana tumboni, upande wa kulia, ndani ya mfupa wa nyonga, akabonyeza taratibu. Tundu likajaa. Akaondoa mkono, likatulia. Akabonyeza tena. Kisha akaushika mguu na kujaribu kuunyoosha, na mamangu, aliyekuwa bado na machozi ya kicheko, akalia kwa maumivu.

Daktari akauachilia mguu. Akarudi kitini mwake.

"Sista," akasema, "hii operesheni haifanyiki wiki ijayo. Kwanza tunatafuta huu usaha unatoka wapi."

"Asante, Daktari."

"Mimi ndiye wa kukushukuru."

Jumatatu iliyofuata mamangu alipelekwa chumba cha eksirei. Mpiga picha akapitisha mpira mwembamba kama utambi wa taa kwenye lile tundu, akatia kidogo kidogo dawa ambayo hutoka nyeupe kwenye picha. Sista alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Alikuja hata hivyo, na gauni lake la nyumbani na mkoba wa kikapu, akasimama kando ya kitanda kumshika mamangu mkono mpaka walipomwambia atoke, kwa sababu ya miale.

Picha zilipokauka daktari alituita tuzione. Hakuwa na lazima ya kutuita. Kwenye kisanduku cha taa niliona chuma cha mamangu, kikubwa kuliko nilivyofikiria, na pembeni mwake mstari mweupe. Uliingia kutoka pajani, ukakizunguka kichwa cha chuma, na badala ya kukoma hapo ukapita mbele ya nyonga, ukaingia ndani ya tumbo, ukapanda kandokando ya uti wa mgongo. Huko juu ukafunguka ukawa mfuko mpana, umbo la embe.

"Hiki chote," daktari akasema, kidole chake kikizunguka lile embe, "eksirei ya kawaida haikionyeshi. Ningefungua chini, nikaosha, nikatia chuma kipya, nikakushona. Na hiki kingekaa juu kikiningojea." Akamgeukia Sista. "Ulijuaje?"

"Sikujua, Daktari. Niliona tu haviingiani."

Mamangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, akauliza swali moja. "Na mimi hicho kitu nimekibeba muda gani?"

"Miezi kadhaa, Mama."

"Na arusi mbili nimepika nacho," akasema, akatikisa kichwa, nusu kwa hofu na nusu, naona, kwa kujivunia.

Operesheni ilikuwa ndefu kuliko iliyopangwa mwanzo. Alifunguliwa mara mbili, siku mbalimbali: kwanza tumboni, juu ya kinena, ule mfuko ukatolewa usaha na kuwekwa mpira wa kuendelea kuutoa, kisha, alipopata nguvu, pajani, chuma kikatolewa chote. Hakikutiwa kingine. Daktari alitaka vijidudu vife kwanza, na kwa wiki sita mamangu alilala wodini, mguu umefungwa uzito, dripu mkononi. Alikonda. Sauti yake ikawa ndogo. Kulikuwa na siku nilipotoka kwake nikalia mpaka nilipofika nyumbani, nikipita Ndia Kuu mbele ya maduka ya vinyago na uso wangu nimeufunika kwa buibui.

Sista hakuwa muuguzi wa wodi ile. Kila siku baada ya kumaliza kazi yake alipanda ngazi mbili kuja kumwona, akabandua plasta mwenyewe, akatazama mishono yote miwili, akanusa kitambaa. Wauguzi wa wodi wangeweza kukasirika, hawakukasirika. Nadhani walijua wanatazama kitu cha kuigwa. Siku ya kumi na mbili baada ya operesheni ya pili alinyoosha mguu wa mamangu kwa mikono yake, polepole mno, mpaka nyuma ya goti ikagusa godoro.

"Wavuta?"

Mamangu alingoja, akijichunguza. "Hauvuti."

Sista akageuza uso kuelekea dirishani. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaendelea kufunga bendeji.

Miezi ilipopita na vipimo vikawa safi, daktari alimpa mamangu uchaguzi: kutiwa chuma kingine, au kukaa bila. Bila chuma mguu ungekuwa mfupi na angetembea kwa gongo siku zote. Mamangu aliomba siku tatu. Alisali istikhara, akaniuliza mimi, akamuuliza Sista, ambaye alikataa kumwamulia lakini alimweleza kila njia mpaka mwisho wake. Siku ya nne akamwambia daktari, "Ndani ya mwili wangu hakitoingia tena kitu nisichozaliwa nacho." Daktari akaheshimu. Fundi viatu mmoja wa Bondeni akamshonea ndara za kulia zenye soli nene ya mpira, inchi mbili kasoro, na kila zilipolika akamshonea nyingine.

Alirudi kupika. Hakusimama tena juu ya moto. Alikalia kiti katikati ya uwanja, gongo limelazwa magotini, akiamrisha wapishi vijana wa kike waliokuwa wakimwogopa na kumpenda. Paja lake lilibaki na shimo la kovu, kavu, gumu. Kila baada ya kuoga alikuwa akilipitishia kidole kuhakikisha. Miaka kumi na mmoja aliyoishi baada ya hapo halikutoa tone.

Sista alistaafu kabla ya miaka ya tisini kwisha, akarudi kwao Kaloleni. Mamangu alinituma kwake mara moja, na kilo mbili za uzile, ile bizari nyembamba ya pilau, imefungwa karatasi na kuandikwa kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, HII NDIYO. Nilimkuta kibarazani amepiga magoti mbele ya mzee mmoja mwenye kidonda cha muundi wa mguu. Alinisalimu bila kusimama, akanionyesha kiti, akaniomba radhi ya kungoja. Kidonda chenyewe alikuwa hajakifunua. Alikuwa akimwambia yule mzee atembee mpaka kwenye ua, ageuke, arudi.